Uradi Nisioumaliza Mkondoni

Papara ndiyo kosa ninalokusudia kulifichua hapa, na nalitaja jina lake mapema kwa sababu nyumbani kwetu lilizoea kupita likijiita bidii. Liliamka kabla ya adhana, likafagia, likapika, likasifiwa na majirani. Nikilikumbuka, kinachonijia kwanza puani ni leso zilizoloa maji ya chumvi, zimeanikwa darini kwetu Kibokoni na kukakamaa kwa jua, na chini yake moshi wa mkaa na harufu ya iliki inayotwangwa. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mwezi wa Shaabani, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nyumba nzima haikukalika. Mama aliketi kushona, akainuka kutazama chungu, akarudi, akainuka tena kuchungulia dirishani kama maji yamejaa au yamepwa. Alikula amesimama. Alisali, na kabla hatujamaliza kuitikia salamu alikwisha kukunja mswala. Nasi watoto wake tulifuata mwendo huohuo, kwa kuwa hatukujua kwamba dunia ina mwendo mwingine. Nilikuwa wa kwanza chuoni kumaliza juzuu, wa kwanza kufunga msahafu, wa kwanza mlangoni kutafuta viatu. Mwalimu alinisifu, na mama aliposifiwa kwa ajili yangu alisema tu, “Bado,” akaondoka upesi kwenda kufanya jambo jingine.

Bahari ndiyo iliyotutia wasiwasi mwaka ule. Kila mwaka, siku chache kabla ya mwezi mtukufu kuandama, wanawake wa ukoo wa mama yangu walikwenda kuvunja jungu, yaani kula na kufurahi kwa mara ya mwisho kabla ya kufunga. Wengine walivunjia jungu nyumbani au bustanini. Wa kwetu walivunjia baharini. Walikodi mashua ya mashine, wakapakia masufuria, mikeka na watoto, wakatoka bandari ya zamani, wakaipita ngome na kuingia bahari kuu, mpaka kwenye fungu la mchanga linalojitokeza upande wa Nyali maji yakipwa. Kati ya fungu lile na ufuo wa bara palikuwa na mkondo wa kina, wenye buluu iliyokolea, ambao haukauki hata maji yapwe namna gani. Kila msichana wa ukoo, kabla hajabaleghe, alitakiwa auvuke kwa kuogelea pamoja na wakubwa, mashua ikifuata kwa mbali. Aliyevuka alihesabiwa miongoni mwa wanawake, na maisha yake yote aliruhusiwa kuingia baharini nao. Asiyevuka alibaki mashuani kila mwaka akilinda chakula, na jina lake lilikuwa mlinzi wa masufuria.

Mwaka uliotangulia nilishindwa. Katikati ya mkondo nilimeza maji, nikapiga makelele, nikavutwa mashuani kwa makwapa kama ndoo iliyotumbukia kisimani. Mama mkubwa Zena, dada wa kwanza wa mama yangu, ambaye magoti yake yalikuwa yamekwisha kumstaafisha na sasa alivuka akiwa ndani ya mashua, hakuniachia nipumue. “Karibu kazini, mlinzi,” alisema huku akinifunika leso. “Sufuria la pilau ni lile pale, la biriani ni hili hapa. Samaki wa kupaka mwangalie sana, ana maadui wengi.” Wanawake walicheka hadi mashua ikayumba. Mama hakucheka. Alikuwa amekwisha kufika ng'ambo, amesimama ufuoni, mkono kiunoni. Yeye alikuwa na sifa isiyovunjwa na yeyote: aliuvuka mkondo kwa uradi mmoja. Uradi ule ni wa nyumbani kwa nyanya yangu, dhikri na dua zilizopangwa kwa mfuatano, husomwa kila asubuhi. Mama alipokuwa msichana aliuanza alipotia mguu majini, na akafika “amin” mchanga ukigusa goti lake. Tangu hapo uradi ukawa kipimo cha kila mvukaji. Fulani kavuka kwa uradi na nusu. Fulani kwa nyuradi mbili, maskini.

Baba aliyajua yote haya kwa mbali, kama waume wa kwetu wajuavyo mambo ya wake zao. Usiku mmoja baada ya chakula alisema bila kuinua macho kutoka kwenye kahawa yake, “Mwaka huu ndio wa mwisho. Akivuka, ni mwanamke wa kwao, simkatazi bahari. Asipovuka, mwakani ni mtu mzima, akae nchi kavu.” Mama akajibu, “Atavuka,” akainuka kwenda kuosha vikombe, na kimojawapo mmoja wetu alikuwa bado anakinywea. Mimi nilibaki nimeukodolea macho mkeka. Bahari ilikuwa kitu pekee nilichokipenda bila kuamrishwa. Nikifikiria kukaa maisha yangu yote juu ya ubao wa mashua, nimekumbatia sufuria, nikiwatazama wenzangu wakiingia majini, kifua kilinibana hadi usingizi ukanikimbia.

Basi mama akaanza kunifunza kwa njia aliyoijua. Kila alasiri maji yakiwa yamejaa tuliteremka Mlango wa Papa, pale ambapo wavulana wa mtaa huruka kutoka ukutani wakipigiana mbinja. Tulikwenda pembeni kabisa, penye ngazi za mawe. Mama alisimama ngazini katika buibui lake akipiga makofi. “Uradi! Anza! Usivute pumzi katikati ya dua, vuta mwishoni! Haraka, haraka, mikono!” Nami nilisoma. Nilikuwa hodari wa kusoma, na hapo ndipo palipokuwa na mtego. Ulimi wangu ulizoea kupiga mbio. Chuoni tulishindana kumaliza, na aliyemaliza upesi hakuulizwa alipita wapi. Ulimi ulipokimbia mikono iliufuata, na mikono ilipokimbia pumzi zilikatika. Nilitoka majini nikihema, macho mekundu, na mama akasema, “Jana uliishia mbali zaidi. Umefanya nini leo?” Sikujua nilichokifanya. Nilipokuwa majini sikuwamo. Nilikuwa ng'ambo tayari, nikisikia vigelegele, au nilikuwa mashuani tayari, nimekumbatia sufuria.

Nilikuwa na mkazamjomba, mke wa kaka yake mama, ambaye katika ukoo wetu alihesabiwa kuwa mzigo. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa hana haraka, na kwetu hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kupaka wanja hata siku za kazi. Alipokata vitunguu alikata kitunguu kimoja kama kwamba hakuna kingine nyuma yake. Kila mwaka aliuvuka mkondo, na kila mwaka alikuwa wa mwisho. Watu walikuwa wamekwisha kutandika mikeka na kupakua pilau, ndipo kichwa chake kilipoonekana kikija polepole, kama nazi iliyoanguka bandarini isiyo na mwenyewe. “Ndiye huyo, amelala njiani,” alisema mama mkubwa Zena. Mama yangu aliyageuza macho pembeni, na katika uso wake nilisoma hukumu kamili.

Wiki moja kabla ya safari mama alizidiwa na nguo za watu za sikukuu, akashindwa kuniteremsha majini. Ilimbidi aniachie mkazamjomba, na alifanya hivyo kama mtu anayeacha mlango wazi. “Asome uradi mara tatu,” aliagiza. “Usimwachie acheze.”

“Sawa, wifi,” alijibu mkazamjomba, akatengeneza buibui lake mbele ya kioo mpaka nikadhani jua litatua.

Tulipofika ngazini aliingia majini na nguo zake zote, akaketi hadi shingoni, akavuta pumzi kama mtu aliyeletewa chai. Mimi nikaanza kuogelea na kusoma. Alinitazama kidogo, kisha akanishika mguu.

“Unafanya nini na midomo?”

“Nasoma uradi, mkazamjomba.”

“Unausoma au unaukimbiza?”

Nilivuta mguu wangu, hakuuachia.

“Mola si kiziwi, na wala hana gari la kuwahi. Ukitoka majini utausoma, nami nitakuitikia. Sasa nyamaa. Lala chali.”

“Nitazama.”

“Uzame uende wapi? Maji yananifika shingoni hapa, na mimi ni mfupi. Lala.”

Nililala chali. Mikono haikutulia, ikapapasa maji huku na huko. Alitia kiganja chake chini ya kisogo changu. “Haya, niambie. Wapi pana baridi?”

“Kote kuna baridi.”

“Muongo. Hujaangalia.”

Nilikasirika. Nilikuwa na uradi mara tatu, na jua lilikuwa linakwenda. Lakini kiganja hakikuondoka, ikabidi niangalie. Shingo yangu ilikuwa katika vuguvugu. Tumbo liliungua kwa jua. Vidole vya miguu, vilivyoning'inia chini zaidi, vilikuwa vimeguswa na maji mengine kabisa, baridi, yanayopita. Nilimwambia hivyo.

“Na masikioni?”

“Kama mchele unamwagwa.”

“Hao ni wadudu wa mawe. Na pumzi, inaingia au inatoka?”

Ilibidi ningoje ili nijue. “Inatoka.”

“Sasa uko hapa,” alisema. “Siku zote hizi ulikuwa ushafika Nyali, mwili umeutupa huku ujitafutie mwenyewe.”

Nisidai kwamba nilitulia. Nilichukia. Ilikuwa kama kulazimishwa kukaa chumbani na mtu nisiyempenda, na mtu huyo alikuwa mimi. Baada ya pumzi chache mawazo yalinitoroka, nikaanza kuhesabu siku, nikamwona baba na kahawa yake. Mkazamjomba aliuona uso wangu ukikaza, akauliza tena pale pale, “Wapi pana baridi?” Akauliza hivyo mpaka mwadhini wa magharibi akaanza. Chuoni tulikuwa tumefundishwa neno khushuu, kuhudhuria kwa moyo mbele ya Mola. Tulilihifadhi pamoja na maana yake, tukalijibia maswali, tukapata alama. Hakuna aliyetuambia kwamba kuhudhuria huko kunaanza na jambo dogo kama kujua vidole vyako vya miguu viko katika maji gani.

Niliporudi mama aliuliza, “Mara tatu?” Mkazamjomba akajibu kabla yangu, “Tumeusoma wote wawili, wifi, juu ya ngazi.” Haukuwa uongo. Tulikuwa tumeketi ngazini, tumeloa chapachapa, tukausoma mara moja, taratibu, na kwa mara ya kwanza nilisikia kwamba ndani yake mna maombi.

Siku yenyewe ilipambazuka bila upepo. Mjomba, nahodha wetu, alikaa kwenye mashine ameupa mgongo umma wa wanawake, kama heshima ilivyotaka. Kaseti ya taarabu ililia mpaka betri zikachoka. Tuliteremka funguni, mchanga ukiwa mgumu na wenye mawimbi madogo yanayoumiza nyayo. Mama alinifunga leso ya kichwa kwa nguvu na kuninong'oneza, “Uradi. Usiangalie mtu. Ukianza usisimame.” Nilitaka kumwambia nilichokijua, lakini mimi mwenyewe sikuwa na hakika kama nilikuwa nakijua. Nikaingia majini, nikaanza kusoma.

Hofu iliponishika, mkimbio wa zamani ndio uliokuja. Ulimi ulinitoka mbio, mikono ikaufuata, na kabla sijafika nusu ya mkondo kifua kilikuwa kimejaa moto. Wanawake walikuwa wamekwisha kunipita. Niliinua kichwa kutafuta ufuo, nikauona umesogea pembeni, kwa kuwa maji yalikuwa yakinichukua mkono wa kulia bila mimi kutambua. Nikaukimbilia mkeka wetu mwekundu, uliotangulizwa ufuoni kuwa alama, na kila nilivyoukimbilia ulizidi kwenda kushoto. Nikameza maji. Dua ikakatika katikati ya neno. Chini yangu hapakuwa na kitu ila ile buluu, na wazo la kina chake likanipanda miguuni. Mashua ilikuwa imekaribia. Mama mkubwa Zena aliinama ukingoni, mkono wake umenyooshwa, na mara hii hakuwa na mzaha. “Shika, mwanangu. Shika, yaishe.”

Ule mkono ulikuwa karibu sana. Niliiona pete yake. Nilijua kwamba nikiushika nitapumua, na kwamba nikiushika sitaingia tena baharini.

“Mwache kwanza, dada,” sauti ilisema nyuma yangu. Alikuwa mkazamjomba, wa mwisho kama ada, wanja umemchuruzika mashavuni. Hakunigusa. Alilala chali pembeni yangu, kana kwamba tumekutana barazani. “Wapi pana baridi?”

“Nazama!”

“Utazama baadaye. Wapi pana baridi?”

Nililala chali kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kufanya jingine. Mbingu ilikuwa nyeupe. Pumzi ilikuwa ikitoka. Ikaingia. Baridi ilikuwa kote, shingoni, mgongoni, vifundoni, na ilikuwa ikitembea, ikinisukuma ubavuni mkono wa kulia kwa nguvu sawasawa, bila chuki. Kumbe muda wote nilikuwa nikipigana nayo bila kujua kwamba ipo. “Kote,” nilisema. “Inapita. Inakwenda huku.”

“Basi nenda nayo, huku ukivuta kwenda ukingoni mwake, upande wa ufuo. Likija vuguvugu, niambie.”

Tukaenda hivyo, kiubavu, tukiupa mkeka mwekundu mgongo. Sikusoma kitu. Mara nyingi akili iliniponyoka ikakimbilia mashuani, ikakimbilia kwa baba, na kila mara niliirudisha kwenye mgongo wangu unaoguswa na maji. Haikuwa raha. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mbio zote nilizokwisha kupiga. Kisha goti langu moja likaingia katika kitu kama kitambaa kilichotoka kuanikwa juani. “Vuguvugu!” nilipiga kelele, na nikalipoteza, nikalipata tena, sasa miguu yote. Tulikuwa tumetoka kwenye mkondo. Baada ya hapo maji yalizidi kuwa ya moto na mepesi, mpaka mkono wangu ukakwangua mchanga.

Tulitokea mbali sana na mikeka. Mama alikuwa anatujia mbio ufuoni, leso mkononi, na nyuma yake wanawake wengine wakibishana. “Haihesabiwi,” mmoja alisema, “mkondo umemtupa.” “Umemtupaje, na mikono yake uliiona?” alijibu mwingine. “Lakini uradi? Kamaliza?” Wote wakamtazama mama, kwa kuwa kipimo kilikuwa chake. Mama alipiga magoti mbele yangu, akanishika mashavu. Alikuwa anahema kuliko mimi.

“Umemaliza?”

“Sikumaliza, mama. Niliuacha katikati.”

Alimtazama wifi yake, aliyekuwa bado ameketi kwenye maji ya kina kifupi, akikamua shungi lake taratibu. Mama yangu, ambaye sikupata kumwona akikaa bila kazi mkononi, aliketi pale pale kwenye maji na nguo zake. Akakaa hadi wimbi dogo likatupita na kurudi. Kisha akainua uso kwa dada zake. “Kavuka,” alisema. “Nani anabisha? Mpakulieni mwenzenu.” Mama mkubwa Zena, aliyekuwa ameteremshwa mashuani, akauliza kwa sauti kubwa ni nani basi atakayeyalinda masufuria, na vigelegele vikapigwa.

Leo nina umri wa wanawake wale. Sitasema kwamba zama zao zilikuwa tulivu, kwa kuwa nimeeleza kwa urefu jinsi zilivyohema. Bado tunakwenda kuvunja jungu. Wasichana huvaa maboya kifuani, jambo la busara ambalo nasi tungelifanya, na mikononi huvaa saa zinazowahesabia mapigo, wakafika ng'ambo wakitazama saa kabla ya kumtazama mama. Sioni kwamba saa ile ni mbaya kuliko uradi uliosomwa mbio. Huko kwenye hoteli za ufuoni wageni hufundishwa kuisikiliza pumzi yao juu ya mikeka ya mpira, na jamaa zetu huwacheka, kisha hurudi majumbani kwao wakala wamesimama. Mimi mwenyewe ningali naamka na kifua kilichobana, najikuta nimekunja mswala na sikumbuki nilichosoma. Ninachokijua ni kurudi, na kurudi huko sikukukuta katika vitabu, ingawa nimevisoma vingi. Tofauti ninayoiona ni hii: wakati ule, katika ukoo mzima unaokimbia, palikuwa na mtu mmoja asiyekimbia, na pamoja na dharau zetu tulimpa nafasi mashuani. Sasa mtu wa namna ile hangojwi. Majina ya waliofika wa kwanza hutajwa kila mwaka tunapoipita ngome, la mama yangu likiwamo. La mkazamjomba halitajwi, kwa sababu siku zote alifika mwisho, na kwa sababu sisi watoto, kwa adabu, hatukumwita ila kwa neno hilo la ukoo. Amekwisha kutangulia mbele ya haki. Adabu haikatazi tena nimtaje: Maimuna binti Athmani.